Nusu ya Hema

Kwenye Njia, ile ndefu ya watembea kwa miguu, hakuna anayejipa jina. Watu wanakutazama wiki mbili tatu, kisha mmoja anakubandika, na ukilikataa ndiyo limeganda. Mimi niliitwa Jaji kabla hatujamaliza kilomita mia tatu, eti kwa sababu nahukumu mabegi ya watu. Ni kweli nahukumu. Mtu amebeba kiti cha kukunja, makopo ya maharage na taulo la kuogea, halafu analalamika magoti, nisiseme? Mume wangu Verlin wao walimwita Asante, kwa kuwa hushukuru hata mtu aliyemkanyaga.

Nyumbani kwetu Duluth nilipima kila kitu kwenye mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, miezi mitatu kabla ya kuondoka. Watu wawili wanaotembea pamoja kutoka mpaka wa Meksiko hadi Kanada hawana haja ya kubeba vitu viwili viwili. Kitambaa cha hema kikaingia begi la Verlin, fito na vigingi begi langu. Jiko na sufuria kwake, gesi kwangu. Chujio la maji kwangu, mifuko ya maji kwake. Hata mipini ya miswaki nilikata. Nilijivuna sana siku ile. Nikamwambia, "Unaona? Kila mtu nusu ya nyumba." Hatukufikiria siku ya kununiana. Kwenye Njia wenzetu wakigombana, kila mmoja anajipandishia kibanda chake na kulala na hasira zake. Sisi tukigombana, mmoja alikuwa na kitambaa na mwingine ana fito.

Safari ilikuwa yangu. Nimeuguza wazee miaka ishirini na sita, nimewafumba macho wengi, na wote walikuwa na kitu ambacho walisema wangekifanya mwakani. Nikaapa mimi sitasema mwakani. Verlin hakuwa mtu wa kutembea. Alikuwa fundi wa mitambo ya joto kwenye shule ya wilaya, anapenda kiti chake na redio yake. Aliacha vyote akanifuata. Nilimwambia wazi kwamba sikumlazimisha, nami nikaona nimemaliza.

Tulifika mji wa Tehachapi, California, tukiwa tumetembea kilomita mia tisa na kumi na moja. Tukalala hoteli ya bei rahisi usiku mbili, tukafua, tukanunua chakula cha siku saba, tukala mpaka tukaona haya. Verlin alikuwa amekonda kilo kumi na mbili, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umeng'oka. Aliuweka kwenye kibati cha pipi. Usiniulize kwa nini.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa kwenye mgahawa, watu saba meza moja, mayai na viazi hadi ukingoni mwa sahani. Verlin akaweka uma chini.

"Marlys, nikuulize kitu."

"Uliza, lakini kula."

"Tuseme sina kitu mgongoni. Sina hema, sina jiko, natembea mikono mitupu. Ungetaka nije?"

Nilikuwa na viazi mdomoni. Nikamjibu, "Sasa hema angebeba nani?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja akagonga meza, vikombe vikaruka. Verlin alitabasamu, akaikata soseji yake vipande vidogo vidogo sana, akaviacha pale pale.

Sitaki kujifanya mjinga. Nilijua anauliza nini. Ukikaa na mtu miaka ishirini na tisa, unajua swali linatoka wapi na linakwenda wapi. Alikuwa ameanza kuliuliza tangu binti yetu Karla aolewe, kila mara kwa njia nyingine, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Je, unanitaka mimi, au unataka mtu wa kukaa upande ule mwingine? Jibu lake ni neno moja, halina uzito hata wa gramu. Lakini mtu akikuuliza jambo kama hilo mbele ya watu, na kiini cha yai kimemkaukia kidevuni, unapata hamu ya kumnyima. Nikamnyima. Ulimi hauna mfupa, na wangu haujawahi kuwa na hata gegedu.

Bibi mmoja wa mjini alitupeleka kwa gari lake hadi pale Njia inapokata barabara kuu. Upepo ulikuwa umeanza usiku. Watu wa Tehachapi hawakwambii kwamba kuna upepo. Wanakwambia tu siku ambayo haupo. Lakini siku hiyo hata yule bibi alishika usukani kwa mikono miwili, na vumbi lilikuwa linavuka lami kama moshi wa kuni mbichi.

"Rudini mkalale, wanangu," alisema. "Kesho nitawaleta tena, na sitaki hata senti."

"Kesho kuna upepo wa kesho, mama," nikamjibu.

"Asante sana, mama," Verlin akasema. "Asante kwa lifti. Asante kwa kutusubiri." Alimshukuru mpaka nikamvuta mkono.

Tulipofika kwenye kalavati, pale Njia inapoanza kupanda, akakaa juu ya begi lake, akaanza kufungua kiatu.

"Ukucha tena?" nikauliza.

"Tangulia, Marlys."

"Nakuuliza, ni ukucha?"

"Tangulia tu."

Nikatangulia. Nilikuwa na lita sita za maji begani, kwa kuwa mbele yetu kulikuwa na kilomita ishirini na saba bila tone, na sikuwa na subira ya kusimama nikimtazama mtu akichezea soksi. Kwenye kona ya tatu nikageuka. Bado alikuwa amekaa pale, mdogo, kofia ameishika kwa mkono. Upepo ulitoka kwangu kwenda kwake. Kwa hiyo nilichosema mimi alikisikia neno kwa neno, na alichosema yeye, kama alisema, kilienda zake barabarani.

"Haya mzee!" nikapiga kelele. "Mwenda pole hajikwai, lakini pia hafiki! Kanada haitakuja kukuchukua!"

Hakuinuka.

"Ukinichelewesha na hema nitalala kwa mtu mwingine!"

Huo ulikuwa mzaha. Nilimpungia fimbo nikaendelea.

Kuna upepo wa kupunga na kuna upepo wa kupiga. Ule ulipiga. Ulikuwa unakuja kwa mikupuo: unakuachia hatua tatu ili ujisahau, kisha unakubamiza ubavuni mpaka unapiga goti. Nilianguka mara nne kabla ya saa tano. Mara ya pili mkono wangu ulitua juu ya mpungate, na nikang'oa miiba kwa meno, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Changarawe zilinichoma mashavu. Kofia yangu ilienda zake kabla sijajua imenivuka. Kila mahali juu ya vilima ile mitambo ya umeme wa upepo ilikuwa inazunguka kwa furaha, kana kwamba yenyewe ndiyo imealikwa na sisi wengine tumedandia karamu.

Nilimtukana Verlin njia nzima. Nilitayarisha maneno ya kumpokea nayo. Nitamwambia hivi kuhusu kiatu, nitamwambia vile kuhusu kuamka mapema, nitamkumbusha nani alinunua soksi za pamba badala ya sufu. Nikiwa na hasira natembea vizuri. Mpaka saa saba nilikuwa nimefika kilomita ya kumi na mbili, mahali ambapo mawe makubwa mawili yameegemeana na kuacha kijikona kisicho na upepo. Nikajiminya humo, nikala mkate wa bapa na siagi ya karanga, nikasubiri.

Nilisubiri hema. Nasema hema kwa sababu ndivyo nilivyowaza: mbele hakuna tena kijikona kama hiki mpaka chemchemi, jua likizama baridi itakuja, na kitambaa kipo chini huko kwa mtu anayefunga kiatu.

Aliyetokea ni Breki. Jina lake hasa ni Earline, mama wa miaka sitini na tatu aliyeendesha basi la mji huko Baltimore mpaka alipostaafu. Ana miguu mirefu kuliko wote tuliokuwa tunatembea nao, na alikuwepo asubuhi pale mezani. Sasa nakumbuka kwamba wengine walipocheka yeye alikuwa anatia chumvi mayai yake. Alikuja akiwa ameinama, begi lake mgongoni, na kifuani amejifunga mzigo mwingine kwa kamba. Akaingia kwenye kijikona, akafungua kamba, akautua miguuni pangu. Ulikuwa ule mfuko wa buluu. Hema letu.

Nilichosema nitakirudia kama kilivyotoka.

"Na sufuria je?"

Breki alinitazama. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Imo."

"Na jiko?"

"Limo. Mifuko ya maji imo. Hata tambi zake zimo, na ile chumvi yenu kwenye kichupa." Akakaa, akanywa maji, akafuta mdomo polepole. "Umemaliza, Mama Jaji, au kuna kijiko pia?"

"Huyu mzee amefanya nini? Amechoka kubeba ndiyo akakutwisha wewe?"

"Nimeagizwa nisikilize utaanza na lipi."

Nikamwambia sielewi. Nilikuwa nimeelewa.

"Nilimkuta pale kwenye kalavati," alisema. "Akanipa vyombo vyote. Akaniambia, Breki, msikilize. Akiuliza nipo wapi, au kama nimeumia, au hata akiuliza tu kwani kuna nini, mwambie nipo hapa hapa, nitakaa mpaka saa kumi. Aje aniambie kwamba ananitaka, nami nabeba nusu yangu mpaka Kanada, niwe na ukucha nisiwe nao. Lakini akianza na vyombo, basi mpe vyombo, nyamaza, uende zako. Nikamwambia, Asante, mimi dereva wa basi, mambo ya kuhukumu ni ya mkeo. Akaniomba. Alikuwa analia, Mama Jaji, na si mambo ya vumbi."

"Mbona hukunyamaza, basi?"

"Kwa sababu nimebeba hema la watu kilomita kumi na mbili kwenye upepo huu. Nina haki ya kusema."

Hasira zikanipanda mpaka nikasimama, upepo ukanirudisha chini kwa matako. Mtihani! Baada ya miaka ishirini na tisa naletewa mtihani juu ya mlima, na msimamizi ni dereva wa basi. Nilisema yote hayo. Nilisema mwanamume mzima anakaa kwenye kalavati kama mtoto aliyesusa uji. Nilisema, kwani sijampikia, sijamuuguza alipovunja nyonga, sijalala hospitali kwenye kiti siku tisa? Breki alikuwa anamenya yai la kuchemsha alilobeba kutoka mgahawani.

"Yote hayo kamwambie yeye," alisema. "Sasa ni saa saba na nusu. Ni mteremko, na upepo utakuwa mgongoni. Saa tisa na nusu umefika na pumzi unazo."

"Na wewe? Utaniwekea vitu?"

"Vitu, vitu! Nani atakuibia sufuria hapa, mjusi? Viache chini ya jiwe. Simu huku hazishiki, nami siwi tarishi mara mbili kwa siku moja." Akala yai kwa mara mbili, akajifunga begi. Kabla hajatoka kwenye kijikona alinishika bega, si kwa upole sana. "Mimi wangu alikufa bila kuniuliza chochote, mama. Ningejibu."

Akaenda. Kwa ile miguu yake, baada ya dakika kumi alikuwa kijiti tu ukingoni mwa kilima.

Nilisukuma mfuko wa buluu chini ya jiwe. Niseme hilo, lisifichwe: nilianza kurudi. Nilitoka kwenye kijikona, nikageuka kule nilikotoka, na upepo ule ule ulionipiga tangu asubuhi ukanishika mgongoni ukanibeba. Sikuwa natembea, nilikuwa napelekwa. Sijawahi kutembea kwa urahisi namna ile tangu tuondoke mpakani. Nilienda hatua kama mia mbili hivi. Jua lilikuwa limetoka, na chini kabisa, mbali, ungeweza kuona barabara kuu na malori yanayong'aa.

Nikaanza kutafuta maneno. Nitafika, atakuwa amekaa, atanitazama na macho yale. Nitasema nini? Nilijaribu kwa sauti, maana hakukuwa na wa kunisikia. Nikasema, "Verlin." Halafu nikasema, "Verlin, soksi za pamba zinakuharibu." Nikaanza upya. Nikasema, "Verlin, umenirudisha kilomita kumi na mbili." Nilijaribu mara ya tatu, na lililokuja lilikuwa kuhusu yule bibi na lifti yake. Lile neno moja aliloliomba nililitafuta kama mtu anayepekua mifuko yote ya koti, ya ndani na ya nje, akijua kabisa alikuwa nalo. Ningeweza kulisema tu, kweli au uongo. Watu husema. Nimewasikia wake wakiwaambia waume zao waliokuwa wanakata roho, nami nikiwa nimesimama hapo na mirija mkononi, na mara nyingine nilijua ni uongo, nao wale wazee walikufa wakitabasamu.

Lakini nikawaza pia kwamba kesho ningelazimika kupanda tena kilomita zile zile kumi na mbili. Nikapiga hesabu ya maji. Nikapiga hesabu ya siku: tukipoteza moja hapa, na kwa mwendo wa ukucha wake tukipoteza moja kila wiki, theluji ya Septemba itatukuta jimbo la Washington. Hesabu zilikuja zenyewe, nyepesi, zimejipanga, hata sikuzitafuta. Nikasimama. Upepo ulikuwa bado unanisukuma, mpaka nikalazimika kukita fimbo ili nisiendelee.

Kisha nikageuka nikaenda kuchukua mfuko.

Begi likawa zito. Nusu yake na nusu yangu, na maji. Nilitembea nimeinama nikitazama viatu vyangu, na kila nilipoanguka niliamka haraka ili nisipate nafasi ya kukaa. Sikutazama saa kwa makusudi. Lakini jua lina tabia yake, na mtu aliyetembea wiki saba nje hahitaji saa ya mkononi. Nilijua ilipofika kumi kasoro robo. Nilijua ilipofika kumi. Nilikuwa navuka mgongo wa kilima kilichokwanguliwa kwa ajili ya mitambo, sina hata kichaka cha kujishika, na nilikuwa najiambia kwa sauti nisikanyage changarawe zinazoteleza. Ndiyo mambo niliyokuwa nayo saa kumi.

Jioni nilipata bonde dogo lenye miti mitatu ya mireteni. Upepo ulikuwa haujapungua. Hema letu ni la watu wawili, na siku za upepo tulikuwa na namna yetu: kitambaa kikishatandazwa, Verlin anaingia kwanza analala chali, mikono na miguu ameitanua, analikandamiza lisipae, mimi nazunguka nje napigilia vigingi na kuingiza fito. Analala humo anaimba vibaya, mimi namwambia anyamaze.

Peke yangu nilishindwa mara tatu. Nikishika pembe moja, nyingine inaruka na kunichapa usoni. Mara ya nne nikakusanya mawe. Nikayaingiza ndani moja moja, nikayapanga upande wake, kuanzia pale kichwa kinapokaa hadi miguuni, mawe kumi na saba, mengine makubwa mpaka nikayabeba kwa mikono miwili. Nikasimama nikaangalia. Hema likatulia. Nikapigilia vigingi bila shida, nikaingia, nikafunga zipu.

Nikawasha jiko pale mlangoni, nikachemsha tambi zangu, nikala. Nilikuwa bado na njaa, nikachemsha na zake. Nikalala ubavu, uso kwenye mawe, na nikasema kwa sauti, "Angalau nyinyi hamkoromi." Nililala fofofo mpaka asubuhi.